Mtoto Haondoki Jumamosi

"Huyu hana njaa," nesi alisema. "Huyu ameshiba, mama."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki, vifungo vya blauzi wazi, kifua kimejaa maziwa mpaka kinauma, na binti yake wa siku ishirini na sita amempa kisogo. Ilikuwa siku ya kumi ya vituko hivyo. Usiku mtoto alinyonya kidogo, tena kwa usingizi. Mchana akiwekwa kwenye ziwa alilamba mara mbili, akageuza uso, akakunja midomo kama mtu aliyewekewa chai isiyo na sukari. Nyumbani wifi yake alikuwa na maelezo ya jambo hilo. Maziwa yako mepesi, wifi. Usijilaumu, wengine ndivyo mlivyoumbwa. Na Mwalimu alikuwa ameyaamini maneno hayo, akayalilia mara tatu bafuni na mara moja mbele ya mumewe.

"Kama ameshiba, ameshibia wapi?" aliuliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia." Nesi alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu na kuning'inia kifuani. "Mizani inasema kilo nne. Ameongezeka vizuri kabisa. Unamchanganyia nini?"

"Simchanganyii kitu."

"Usinifiche. Mimi si mama mkwe wako."

"Sikufichi, dada nesi. Ananyonya kwangu tu. Akikubali."

Nesi alimwinua mtoto, akamlaza begani, akampigapiga mgongo. Mtoto akacheua. Nesi hakufuta. Aligeuza shingo, akayanusa yale maziwa begani mwake kama anayenusa nyama ya jana.

"Miaka ishirini na mbili watoto wananicheulia begani," alisema. "Haya ni ya kopo. Tena ya leo asubuhi."

Mwalimu alifundisha hesabu darasa la sita, na hesabu hii ilikuwa fupi. Kila siku baada ya kuoga, wifi yake alimchukua mtoto akatoka naye uani kumwotesha jua. Saa nzima. Wewe jilaze, wifi, mshono bado mbichi. Naye alijilaza na kushukuru. Mtoto alirudishwa amelala fofofo, tumbo limekaza kama ngoma, na Mwalimu akabaki kumtazama akidhani ni jua.

Alifunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja.

"Usimkatie chupa kwa mkupuo," nesi alimwonya. "Kila akiamka, ziwa kwanza. Atalia, atajinyonganyonga, wewe usikubali kushindwa. Na utafute mtu wa kukusaidia kumshika. Mume yupo?"

"Yupo," alijibu Mwalimu. Kisha akaongeza, "Nadhani."

Kutoka kliniki hadi nyumbani ilikuwa mitaa miwili. Aliitembea taratibu, mkono mmoja chini ya mtoto, mwingine ukishikilia mshono, na kila hatua hasira ilipanda ngazi moja. Bado ilikuwa hasira juu ya wifi peke yake. Mumewe hakuwemo. Akilini mwake mume alikuwa upande wake, mhanga mwenzake.

Watu walimwita Barafu. Alikuwa fundi wa majokofu, lakini jina halikutokana na kazi tu. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mteja angemtukana, gari lingemwagia tope, yeye angetabasamu, aseme "tutaona," aendelee na lake. Utulivu huo ndio uliomnasa Mwalimu. Alikuja kutengeneza jokofu la ofisi ya walimu, akalimaliza kwa nusu saa. Jokofu likaharibika tena mara nne mwezi uleule, na mara zote nne siku za zamu ya Mwalimu, mpaka mwalimu mkuu akasema mbele ya watu: "Ama fundi huyu hajui kazi, ama anaijua sana." Barafu alitabasamu tu, lakini masikio yalimgeuka mekundu kama pilipili, na Mwalimu akajua kwamba yeye ndiye jokofu lenyewe.

Sasa ndani ya nyumba yao wenyewe walikuwa wakiishi kama wapangaji. Siku aliyotoka hospitali baada ya upasuaji, mpangilio ulibadilishwa bila yeye kuulizwa. Mama mkwe alihamia kitandani kwake, asije akamlalia mtoto. Wifi alichukua chumba cha pili. Barafu alitupwa sebuleni kwenye godoro, miguu ikitokeza chini ya meza. Siku moja, wakipishana koridoni, alimshika mkewe kiganja akakibana.

"Nina hamu na wewe, Mwalimu," alinong'ona, na yale macho yake ya upole yakamtazama.

Mama mkwe alikohoa chumbani. Kiganja kikaachiwa.

Mwalimu aliingia nyumbani kimya. Wifi yake alikuwa uani akifua nepi. Alisikia maji na kuimba kwake. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti cha sebuleni. Mwalimu alimlaza mtoto kitandani, akaingia jikoni, akaanza kufungua makabati. Kopo alilikuta nyuma ya ndoo ya unga. Limebaki nusu. Kando yake chupa mbili zilizooshwa vizuri sana, zimefunikwa kitambaa safi. Usafi ule ulimuudhi kuliko kopo.

Alilibeba kopo, akaelekea chumba cha pili. Hakuwahi kupekua vitu vya mtu maishani mwake, lakini siku hiyo hakusita. Chini ya kitanda kulikuwa na begi la safari. Alilivuta, akafungua zipu. Juu kulikuwa na nguo za wifi. Chini yake, zimekunjwa kwa ustadi, zilikuwa nguo za mtoto: kofia, soksi, magauni manne, na blanketi la njano alilolitafuta juzi nyumba nzima. Wifi alipiga magoti siku hiyo akamsaidia kulitafuta chini ya makochi.

Katikati ya nguo kulikuwa na tiketi ya basi. Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alitoka na kopo mkono mmoja, blanketi mkono mwingine. Alilipiga kopo juu ya meza ya sebuleni, mama mkwe akazinduka.

"Wifi!" aliita. "Njoo!"

Wifi aliingia akifuta povu mikononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mzuri, msusi mwenye saluni yake, mtu wa kucheka na kila mtu. Aliliona kopo. Aliliona blanketi. Kicheko kikaishia mdomoni.

"Tulikuwa tunakusaidia," alisema. "Ulikuwa umechoka. Hata kusimama ulikuwa huwezi."

"Nimeuliza chochote?"

"Hapana, lakini nakueleza..."

"Basi ngoja niulize. Hili blanketi, juzi tulilitafuta wote. Ulikuwa unatafuta nini chini ya makochi?"

Wifi alijifuta tena mikono, ingawa povu lilikuwa limekwisha.

"Na Jumamosi unasafiri na nguo za nani?"

"Keti kwanza, mwanangu," mama mkwe aliingilia. "Mshono."

"Mshono wangu unanijua, mama. Namuuliza wifi."

Wifi alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mwalimu, na usoni mwake ukaja mshangao wa kweli.

"Kwani mume wako hajakwambia?"

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa uongo, kwa kilio, hata kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Kuniambia nini?"

"Tulikubaliana. Wewe mwezi wa tatu unarudi shuleni. Mtoto atakaa na nani, na watu baki? Nitamlea mimi mpaka afikie umri wa shule. Kila likizo mtakuja kumwona. Nilidhani... yeye aliniambia atazungumza na wewe."

"Si mtoto wa kwanza kulelewa na shangazi yake," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Na wewe bado kijana. Utazaa wengine."

"Nitazaa wengine," Mwalimu alirudia polepole. "Ili huyu niwagawie."

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

"Njoo nyumbani."

"Mwalimu? Kuna nini, Bosi mzima?" Bosi ndilo jina alilompa binti yake tangu siku ya kwanza. "Niko kwenye chumba cha baridi cha bucha, nimefungua mashine yote. Nikiacha sasa nyama zao zitaharibika."

"Huku nako kuna kitu kinaharibika. Chagua."

Alifika baada ya robo saa, ovaroli ina grisi hadi magotini. Alipita sebuleni, akaliona kopo mezani, akaona nyuso za mama na dada yake, akaja chumbani bila kuuliza neno. Alifunga mlango nyuma yake, akauegemea. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Katikati yao mtoto amelala, mikono juu kama aliyeambiwa asalimu amri.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu mwezi mzima wako peke yao chumbani. Kwa sekunde moja Mwalimu alisahau. Aliona tu alivyokonda, ndevu hazijanyolewa, jinsi macho yake yalivyomkimbilia mtoto kwanza kisha yakaja kwake. Halafu akakumbuka.

"Nitakuuliza maswali," alisema. "Yote ni ya ndiyo au hapana. Kopo la maziwa ulinunua wewe?"

"Mwalimu, hebu tukae..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Hilo si la ndiyo au..." Aliona uso wake, akaacha. "Makopo mawili."

"Ulijua dada yako amekata tiketi ya Jumamosi aondoke na mwanangu?"

Barafu aliinamisha kichwa. "Nilijua kwamba anataka. Sikujua ameshakata tiketi."

"Ulimkubalia?"

"Sikumkubalia."

"Ulimkatalia?"

Barafu alijifuta grisi ya kiganjani kwenye ovaroli.

"Ulimwambia nini? Niambie neno lenyewe ulilotumia."

"Nilimwambia tutaona."

Mwalimu alicheka kicheko kifupi, kibaya, ambacho hata yeye hakukitambua. "Tutaona! Mtu anakuomba mtoto wako, unamjibu kama amekuomba kuazima nyundo!"

"Nisikilize." Alisogea hatua moja, akasimama alipoona mkewe anarudi nyuma. "Ilikuwa siku ya upasuaji. Wewe uko ndani, mlango umefungwa, hakuna anayeniambia kitu. Dada ananililia begani. Unajua ana miaka minane kwenye ndoa, unajua mume wake anavyomsema. Akaniambia, akitoka mzima nipeni mimi nimlee. Siku ile, Mwalimu, mtu angeniomba macho yangu ningempa, mradi nyinyi mtoke salama. Ningemjibu nini?"

"Siku ile sikulaumu," alisema Mwalimu. Na ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma. "Na kesho yake? Nilikuwa nimeshatoka ndani, niko hai, nimekaa kitandani nakunywa supu. Na wiki ya pili je? Siku uliyosimama dukani ukaagiza kopo ulikuwa na kisingizio gani?"

"Dada alisema maziwa yako hayatoshi. Alisema unaona aibu kukubali, kwa hiyo nisikuulize."

"Ukaamini."

"Nilimwona mtoto analia."

"Jumapili nililia mimi mbele yako. Pale koridoni. Nikakwambia mwanangu ananikataa, sina maziwa, mimi ni mama wa aina gani. Ulinifuta machozi kwa kidole gumba. Ulijua kopo liko jikoni, ukanifuta machozi, ukanyamaza!"

Mtoto alishtuka, akatikisa mikono, akalala tena. Barafu aliketi ukingoni mwa kitanda kama aliyekatwa miguu.

"Sikuunganisha," alisema. "Haki ya Mungu sikuunganisha hayo mawili."

"Hukuunganisha, au hukutaka?"

Mwalimu alimtazama, yule mwanamume aliyempenda kwa sababu hagombani na mtu, na ndipo alipoelewa gharama ya upole huo na nani aliyekuwa akiilipa.

"Nenda kawaambie," alisema. "Sasa hivi. Nasikiliza kutoka hapa. Neno moja tu nataka kulisikia, na unalijua."

Alikwenda. Mwalimu aliuacha mlango wazi, akasimama nyuma yake na mtoto kifuani. Alimsikia akivuta kiti. Alimsikia akikohoa.

"Dada," Barafu alianza, "hili jambo, hebu tuliangalie tena kidogo..."

"Usiniambie hivyo," wifi alimkatiza, sauti tayari ina machozi. "Nimeshawaambia watu. Nimepaka chumba rangi. Uliniahidi."

"Sikuahidi hasa..."

"Usimvunje dada yako moyo," mama mkwe alisema. "Unajua alivyokulea wewe mwenyewe mimi nikiwa kazini. Alikubeba mgongoni mpaka ukaanza kutembea."

"Najua, mama. Nami sisemi... Labda isiwe Jumamosi. Labda tusubiri kidogo, tutaona..."

Mwalimu hakusikia mengine. Alichukua shuka, akamfunika mtoto, akavaa ndala, akakatiza sebuleni katikati ya maneno yao bila kumtazama yeyote, akafungua mlango wa mbele na kutoka.

Jua la adhuhuri lilimpiga usoni. Hakujua anakwenda wapi. Jirani aliyekuwa akiosha gari aliacha bomba likimwaga maji barabarani, akakodoa. Mshono ulikuwa unavuta kama uzi wa moto, na mtoto alikuwa ameamka, ameanza kulia, lakini Mwalimu alitembea. Alikuwa ameshapita nyumba tatu aliposikia nyayo.

"Unakwenda wapi na mshono huo?" Barafu alikuwa peku, mguu mmoja una soksi.

"Popote ambako mtu akimtaka mwanangu ataniomba mimi."

"Rudi ndani tuzungumze."

"Mimi nimemaliza kuzungumza. Wewe ndiye hujaanza." Aliendelea kutembea. "Kaa na dada yako, kaa na mama yako, wabembeleze wote mpaka wafurahi. Siku ukiwa na mke na mtoto utajua wako wapi."

"Mwalimu."

"Usinifuate."

"Simama!"

Sauti ile ilimfanya jirani adondoshe bomba. Mwalimu alisimama kwa sababu hakuwa na hakika nani ameitoa. Aligeuka. Barafu alikuwa katikati ya barabara, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtiririka, hajifuti.

"Simama hapo hapo," alisema, sasa kwa sauti ya chini, anahema. "Usiende mbele hata hatua moja. Nakuomba. Naomba dakika moja tu."

Akageuka, akarudi nyumbani mbio, soksi moja mguuni.

Mwalimu angeweza kuondoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka. Alirudi taratibu mpaka ukutani chini ya dirisha la sebule, akaegemea, akimtikisa mtoto aliyekuwa akilia. Dirisha lilikuwa wazi, na hapakuwa na haja ya kutega sikio. Mtaa mzima ulisikia.

"Dada, mtoto haondoki!"

"Unampigia nani kelele?" mama mkwe alishangaa.

"Haondoki Jumamosi. Haondoki mwezi ujao, haondoki siku yoyote. Nilikuacha utumaini kwa sababu niliogopa kukutazama ukilia, na kwa woga wangu umepata nafasi ya kumfundisha mtoto kumkataa mama yake. Kosa la kwanza ni langu. Nilaumu maisha yangu yote, una haki. Lakini tiketi hiyo utaitumia peke yako."

"Mimi niliyekubeba mgongoni," wifi alisema.

"Wewe uliyenibeba mgongoni. Sijasahau. Sitakulipa kwa binti yangu."

"Unampandishia dada yako sauti!"

"Naipandisha, mama! Ningeipandisha mwezi uliopita, leo mke wangu asingekuwa barabarani na ndala!"

Kisha kilio cha wifi, kilio cha mtu mzima, kinachotoka tumboni. Mwalimu alikisikiliza akiwa ameuma meno. Alitaka kufurahi, furaha haikuja. Alitaka kumhurumia, nayo huruma ikaja, lakini haikuipunguza hasira hata chembe. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani, vimebanana.

Baada ya muda wifi alitoka na begi lake. Alikuwa ameacha nguo za mtoto zote kwenye kiti, zimekunjwa. Alisimama mbele ya Mwalimu, uso umevimba.

"Nilikuwa nimemnunulia kitanda," alisema.

"Ungeniomba, wifi. Ungeniomba uso kwa uso, ningekukatalia uso kwa uso, tungelia wote wawili, yakaisha. Ningekuletea mtoto kila likizo, umbebe mpaka uchoke. Lakini ulikaa kitandani kwangu ukaniambia nimeumbwa vibaya. Hilo ulilisema mchana kweupe, unanitazama machoni."

"Nilijua ungekataa."

"Ndiyo maana hukuuliza."

Wifi alinyoosha mikono kumgusa mtoto, akasita, akairudisha. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, amejikunja.

"Ana hewa tumboni," wifi alisema. "Mweke bega la kushoto. La kulia halipendi."

Mwalimu alimhamisha. Mtoto akacheua, akatulia. Na hapo hasira nyingine ilimpanda, kali kuliko zote za siku hiyo: kwamba hilo hakulijua. Siku ishirini na sita, na mwanamke mwingine ndiye aliyemwambia bega analolipenda mwanawe.

"Nenda salama," alisema. Zaidi ya hapo hakuweza.

Mama mkwe alimsindikiza binti yake. Mlangoni aligeuka, amejikaza. "Nitarudi Jumatatu, kama bado nahitajika nyumba hii."

"Unahitajika, mama," Mwalimu alijibu. "Lakini utalala chumba cha pili."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa mara moja, akashika mkono wa binti yake.

Saa kumi jioni mtoto aliamka na njaa ya kweli. Mwalimu alimweka kwenye ziwa. Mtoto alilamba, akatema, akapiga kelele. Akamgeuza upande wa pili, yakawa yale yale. Uso mdogo ulikuwa mwekundu, ngumi zimekunjwa, anapinda mgongo kama upinde, na maziwa yanatiririka bure kwenye blauzi. Kopo lilikuwa mezani sebuleni. Hatua kumi. Dakika tatu tu na kelele zingekoma. Mwalimu alilia kwa hasira ya wifi, ya mume, ya nesi aliyesema usikubali kushindwa kana kwamba ni jambo dogo, na hasira ya huyu bosi mwenyewe wa kilo nne asiyejua kwamba vita vyote vya leo vilikuwa vyake.

Barafu alikuwa amesimama mlangoni kwa muda. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Nawa mikono."

"Nimenawa."

"Nawa tena. Njoo upande huu. Mshike kichwa, hapa nyuma ya shingo. Usimsukume. Mshike tu asirudi nyuma."

Aliketi kando yake. Kiganja chake kikubwa kiliingia chini ya kichwa kidogo, kikakijaza chote. Mabega yao yaligusana. Alinukia sabuni, na Mwalimu alichukia jinsi mwili wake ulivyoikumbuka harufu ile mara moja.

"Samahani, Mwalimu. Mimi..."

"Usiseme kitu. Mshike."

Mtoto alipiga kelele, akavuta pumzi, akapiga tena. Alilishika ziwa, akaliacha. Akalishika. Akaliacha. Mwalimu alihesabu moyoni ili asipige kelele naye. Alifika arobaini na saba. Kisha kelele zikakatika ghafla, na chumba kikajaa sauti ndogo, ya kumeza. Moja. Nyingine. Nyingine. Kope za mtoto zikashuka. Ngumi moja ikafunguka, vidole vikatandazwa juu ya kifua cha mama yake.

Hakuna aliyetikisika. Barafu alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea shuka, mkono umekufa ganzi na hausogei.

"Sijakusamehe," Mwalimu alisema, macho kwa mtoto.

"Najua."

"Sijui itachukua muda gani. Usiniulize kila asubuhi."

"Sitakuuliza."

Mtoto alinyonya. Nje jirani aliwasha gari lake, akaondoka. Barafu aliona bega la mkewe linatetemeka kwa uchovu, akaanza kuuvuta mkono taratibu ili amwekee mto mgongoni.

"Umeambiwa utoe mkono?" alisema Mwalimu kwa ukali.

Akaurudisha.